Kinachofika Kichwani mwa Baba Yako

Makena wangu,

Ulipotoka mchana huu kwenda Kinoru kumuaga shangazi yako, nilijifanya nimebanwa na suruali ya mwalimu. Suruali bado iko hapa, sijaigusa. Nimeitandaza mezani na kuweka karatasi juu yake, kwa hiyo ukiona chaki ya kushonea kwenye ukurasa usishangae. Nataka niandike haya kabla hujarudi. Ukirudi nyumba itajaa watu, kesho mapema unaondoka, na mimi mbele ya watu huwa nasema mambo tofauti kabisa na yale niliyokusudia. Hilo ulishaliona Jumapili.

Sitakuambia uvae sweta. Sitakuambia ule vizuri, usali, upige simu. Hayo umeyasikia tangu darasa la kwanza, na mengi ulikuwa ukiyafanya kabla sijamaliza kuyasema. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha iliyotukutanisha, mimi wa Siakago na baba yako wa hapa Muthara. Tulipooana yeye alikicheka Kimbeere changu na mimi nikakicheka Kimeru chake, basi tukakubaliana tupigane kwa Kiswahili. Sasa Kiswahili kinamtoka. Siku hizi ananijibu Kimeru kitupu, na mimi namfuata nyuma kama mgeni.

Nimeinuka tena kuchungulia getini. Leo baba yako hatulii kabisa. Amezunguka boma miguu mitupu tangu chai ya saa nne, soksi zake hazionekani, na nikimuuliza amezitupa wapi ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezificha. Ni zile nyekundu za sufi ulizomletea kutoka Embu muhula wako wa kwanza chuoni. Unajua zile havui, hata kuzifua ni vita. Leo kazivua mwenyewe. Nimetafuta chini ya kitanda, nimetafuta kwenye banda la mbuzi, nimefunua hata sufuria ya githeri. Hakuna kitu.

Acha niseme lililonikalisha hapa, kabla hajaniita au hajatoka. Jumapili nilikubebesha mzigo usio wako, na nataka nikutue kabla hujapanda ndege.

Siku ile ya maombi ya kukuaga ulikaa katikati, mimi upande huu na pasta upande ule, blanketi alilokuzawadia shangazi magotini. Kila mtu alisema lake. Mwenyekiti wa akina mama alisema usisahau kwenu, mzee wa kanisa akasema usiolewe na watu tusiowajua, watu wakacheka. Nilipoitwa nilikuwa nimepanga kushukuru tu nikae. Nikamwona baba yako kwenye kile kiti cha plastiki, amevaa koti lake la kwenda harusini, anampigia makofi kila mtu, hata aliyekuwa anakohoa. Nikasema, "Huyu mtoto anaenda kusomea dawa za ubongo. Atamletea baba yake dawa. Mtakuja kuniambia." Akina mama wakapiga vigelegele, pasta akayashika maneno yangu akayaombea, na watu wakaitikia amina mpaka kuku wakatoka chini ya meza.

Wewe ulikuwa unatazama kikombe.

Baadaye tukiosha vyombo ukaniuliza, "Mami, kwa nini umesema vile?"

"Nimesema nini kibaya?"

"Project yangu hata si ya ugonjwa wa Baba. Nilikuambia. Ni ya kifafa. Na ni kadawa kamoja tu, hata si kukatengeneza, ni kuona kama kanaweza kufika kwa ubongo bila kukatwakatwa njiani."

"Basi si kafike."

"Mami!"

"Watu wanataka kutumaini, Makena. Waache watumaini."

Ukaweka kikombe chini polepole, ukasema bila kunitazama, "Na nisipoleta hiyo dawa, nitarudi nyumbani aje?"

Nilisema naenda kufungia mbuzi, na mbuzi walikuwa wamefungwa zamani. Tangu siku hiyo swali lako halijaniacha. Nikikata kitambaa liko, nikilala liko. Nimeharibu blauzi ya mtu kwa sababu yake, nimeshona mkono wa kushoto upande wa kulia.

Mambo haya yote ya dawa na njia zake yalianza na mimi, na hayakuanza kwa akili. Yalianza kwa uji. Ulikuwa mdogo lakini najua unakumbuka, kwa sababu wewe ndiye uliyeuliza lile swali. Cucu wako wa Siakago, mama yangu, alikuwa na sukari na ameandikiwa insulini. Tulienda kukaa naye likizo ile. Sindano aliikimbia kama mtoto. Ikifika saa yake unamkuta katikati ya shamba la pojo, amechutama, na kilemba chekundu kichwani, anadhani hatumwoni. Na mimi, mtu wa kushika sindano kutwa nzima, nilishindwa kumdunga mama yangu mwenyewe. Nikajiambia dawa ni dawa na mwili ni mmoja, nikaimimina kwenye uji wa wimbi. Akanywa, akalamba kijiko, tukafurahi sote wawili. Nilijiona nimewashinda madaktari.

Siku zilizofuata akawa mtu wa kunywa maji na kwenda choo, kisha akawa mtu wa kulala tu. Tukamfikisha hospitali akiwa hajui yuko wapi. Nesi aliponiuliza namdunga wapi nikamweleza kwa fahari kuhusu uji.

"Mama," akasema, "umempikia insulini?"

Nilitamani sakafu inimeze. Wewe ukaingilia, kichwa chako hakijafika hata kwenye kaunta: "Kwa nini isiende ikiwa kwa uji?"

Yule nesi angekufukuza, lakini aliinama. "Kwa sababu imeumbwa kama nyama, kasichana. Tumbo halijui hii ni dawa. Linaona chakula, linaikata vipande, linakula."

"Na nani ameliambia liikate?"

Hapo akakupa pamba uchezee. Cucu alipona, akakubali sindano, na mpaka anatuacha alikuwa akiniaibisha. Kila nikimpa uji ananusa kwanza, anauliza, "Leo umeweka nini ndani?" Wewe hukucheka sana. Njia nzima ya kurudi Muthara ulikuwa unauliza tumbo linajuaje.

Nimeambiwa na watu kwamba umepata akili kwa baba yako. Sawa. Lakini kule kushindwa kuacha swali ni kwangu, na pole, kwa sababu halilalishi mtu.

Nimetoka kidogo. Baba yako alikuwa anahangaika na kufuli la geti, anataka kwenda kumchukua Makena shuleni. Nimemwambia Makena ni mkubwa, amemaliza shule, kesho anasafiri nchi ya baridi. Kila asubuhi wiki hii namwambia hivyohivyo, kwa Kimeru changu kibovu, na kila asubuhi anashtuka upya na kuuliza ni baridi kama ya huku juu au kuliko. Namwambia kuliko. Chai ikiisha ameshasahau, ananiuliza mtoto ametoka shule. Nimemkalisha kwenye ngazi ya nyuma na kumpa maharagwe achambue.

Unakumbuka likizo iliyopita ulipojaribu kunieleza kazi yako hapa mezani? Nilikuwa nakata sare za kwaya, wewe ukanyang'anya uzi wangu wa bluu na shanga za gauni la bibi harusi. Ukatunga chache, ukasema hii ndiyo peptaidi. Protini ni mkufu mrefu, peptaidi ni kipande kifupi, shanga chache zilizoshikana. Mwili wenyewe hutuma ujumbe kwa vipande kama hivi, ndiyo maana watu wanataka vifanywe dawa. Kisha ukachukua mkasi wangu mzuri, ule nisiotaka ukate karatasi, ukasema huu ni enzaimu. Uko tumboni, uko kwenye damu, uko kwenye ini, uko hata ukutani mwa ubongo wenyewe. Mikasi mingi ya namna hii inaanzia ncha ya uzi, inakata shanga moja, inayofuata, inayofuata. Dawa inaingia mwilini ikiwa nzima na muda si muda imekuwa shanga zimemwagika. Na zikamwagika kweli, tukaziokota chini ya cherehani mpaka jioni.

Hapo mimi nikasema, basi si ufunge zile ncha? Nilisema tu kama fundi, uzi usiofungwa hufumuka. Ukanikumbatia ukasema ndiyo, hiyo ni njia mojawapo na watu wameifanya zamani: unaunganisha ncha kwa ncha inakuwa pete, mkasi unazunguka hauoni pa kuanzia. Njia nyingine, unageuza shanga moja au mbili ziwe za upande wa pili, kama sura kwenye kioo. Hiyo niliielewa bila taabu. Nilishawahi kuazimwa mkasi wa mtu wa mashoto, nikakata hewa.

Lakini ulipofika kwenye ule ukuta wa ubongo ulikunja uso. Ukasema mishipa ya damu ya kwingineko mwilini ina vijitundu, vitu vinapenya. Ya ubongo imeshonwa kwa kubana, mshono juu ya mshono, na ni vizuri iwe hivyo, la sivyo kila sumu ya damuni ingeingia kichwani. Sukari ina mlango wake, chuma kina mlango wake. Peptaidi nyingi hazina mlango. Kwa hiyo kuna wanaoipaka mafuta iteleze, kuna wanaoifunga mgongoni mwa kitu ambacho mlango unakijua, na kuna wanaojaribu kupitia puani, kwa sababu juu kabisa ya pua kuna neva zinazopanda moja kwa moja.

Baba yako alikuwa amekaa pale mlangoni. Ilikuwa moja ya siku zake nzuri. Ukamgeukia ukamwambia, "Baba, ni kama vile unafunga miraa. Ikitoka kwa mti inaanza kufa. Usipoifunga na majani ya ndizi haifiki."

Uso wake uliwaka. Akatoka akakata jani, akakuonyesha upande gani unakaa ndani, akakukanya kwa Kimeru usikaze hivyo, inapumua. Ukampa kidole akafungia kamba ya mgomba juu yake. Ukaniambia hilo nalo ni tatizo lenu huko maabara. Ukiifunga sana dawa haikatwi, lakini ikifika inakuwa imejifungia, haifanyi kazi yake. Uliongea mpaka sare za kwaya zikalala. Na nilikuona, Makena. Hukuwa unaongea kama mtu anayetafuta dawa ya baba yake. Ulikuwa unaongea kama mtoto aliyepewa kitu cha kuchezea, na mimi nilifurahi kukuona hivyo, halafu Jumapili nikakugeuza mkombozi mbele ya kanisa.

Najua kwa nini nilifanya hivyo. Ni woga. Nilianza kuogopa siku wafanyabiashara wa miraa waliporudisha bunda la baba yako. Unajua jina la baba yako lilivyokuwa katika kufunga miraa; watu walikuwa wakipita kwa wengine waje kwake kwa sababu bunda lake linafika likiwa bichi. Siku ile walifungua wakakuta ndani matawi ya mwavokado, yamepangwa vizuri, ncha sawasawa. Watu walicheka, wakasema mzee ana mchezo. Na yeye akacheka. Mimi nilimtazama macho nikajua hakuna mchezo wowote, hajui amefunga nini. Baada ya hapo akaanza kufunga kila kitu. Kijiko, rimoti, Biblia ya pasta. Daktari kule Meru mjini alituambia kwa upole kwamba dawa zilizopo zinasaidia kidogo, hazirudishi kilichokwenda. Wewe ulikuwa unaandika alichosema. Mimi nilikuwa nahesabu vigae vya dari nisilie.

Ukashangaa baadaye nilivyomwamini yule mtu wa Kinoru mwenye spika, aliyesimama karibu na uwanja wa mpira akiuza kachupa ka kunusa ka kufungua ubongo. Uliniambia kwamba kuna watu wanajaribu kupitisha dawa puani. Mimi niliondoka na pua, neno kujaribu nikaliacha hapo mezani. Nilimnyunyizia baba yako mara moja tu, akapiga chafya mpaka giza likaingia, na damu ikamtoka. Ulipokuja ukasoma chupa ukasema, "Mami, hii ni maji na kitu ya kuwasha." Hukunigombeza. Ulichukua kitambaa ukampangusa uso, taratibu, ukamwimbia. Ningependa ungenigombeza. Ule upole wako ulinionyesha kwamba umeshaanza kunilea na mimi, na bado sikuwa tayari kulelewa.

Ngoja.

Nimerudi. Maharagwe yako chini yote na yeye hayuko. Nimezunguka boma, nimefika barabarani, nimepiga kelele jina lake kama mtu anayeita ng'ombe. Nimemkuta nyuma kabisa kwenye migomba, amepata kisu cha jikoni sijui wapi, anakata majani. Miguu ina matope mpaka magotini. Nimemnyang'anya kisu, tumegombana. Ameniita mwanamke wa kuja. Ni kweli mimi ni wa kuja, na nilimwambia hivyo, nikamwambia mwanamke huyu wa kuja ndiye anayemtafutia soksi tangu asubuhi. Nimemrudisha kwenye ngazi na majani yake. Nimeyaacha ayachezee, nimechoka. Nimelia kidogo pale jikoni, sasa nimenawa uso, niko sawa.

Mahali nilipofika ni hapa.

Nenda ukasomee kifafa. Hapa kwetu kuna mama, unamjua, hufungia kijana wake ndani akienda sokoni, asije akaangukia jiko. Jumapili alikuwa amesimama karibu na tangi la maji. Hakuna aliyemtaja katika yale maombi, na kazi yako ni yake kuliko ilivyo yangu. Ukimfikiria yeye ukiwa umechoka huko, sawa. Ukifikiria tu mkasi na ukuta kwa sababu vinakufurahisha, pia sawa kabisa. Na uliniambia kwamba kazi yote inaweza kuisha na jibu moja tu, kwamba njia hii haipitiki, ili mwenzako asipoteze muda akiijaribu. Uliposema hivyo niliona ni hasara. Sioni hivyo tena. Laiti ningeambiwa mapema kwamba njia ya uji haipitiki.

Baba yako atakusahau. Naliandika hili na mkono hautaki. Pengine atakusahau kabla hujamaliza, na pengine utapiga simu ya picha na akuulize wewe ni mtoto wa nani. Itauma na mimi nitakuwa hapa kando yake nikiumia pia. Lakini hatakuwa amekusahau kwa sababu ulichelewa na dawa. Nataka hilo uliweke mahali pa kulipata haraka. Hakuna aliyekutuma. Mimi ndiye niliyesimama nikasema, na sikukuuliza.

Asubuhi hii ulipokuwa ukifunga begi nilimpigia pasta. Nikamwambia Jumapili ijayo nitasimama niseme tena, nirekebishe.

Akaanza, "Mama Makena, sasa wewe, imani—"

"Pasta, imani ninayo. Ni mdomo ndio ulinizidi."

Amekubali. Amesema nitapewa nafasi baada ya matangazo, niwe mfupi. Nitawaambia mtoto wetu ameenda kusoma, basi. Ukiwa huko usiogope kwamba kuna watu Muthara wanaotazama barabara wakingoja chupa. Nitakuwa nimewatoa barabarani.

Na lile swali lako la nitarudi aje. Utarudi mikono mitupu, Makena. Utapita geti dogo, utaingia mlango wa jikoni kama kawaida yako, utafunua sufuria kabla hujasalimia mtu, na nitakugombeza. Hivyo ndivyo utakavyorudi. Ukiwa umefaulu ni hivyo, ukiwa umeshindwa ni hivyo, ukiwa umeacha hayo masomo umeamua kufuga nyuki, ni mlango uleule.

Ningekuwa nimemalizia hapo. Nilishaandika jina langu hapa chini, nikalifuta, utaona doa.

Nilienda nyuma kuangalia kwa nini kumekuwa kimya. Nimemkuta amekaa ngazini, mgongo wima, na mapajani ana bunda. Bunda lenyewe hasa, la zile siku zake. Majani ncha kwa ncha, kamba ya mgomba imezungushwa na kuchomekwa, hakuna kilichochomoza. Sijaona kazi yake namna hiyo tangu siku ya mwavokado. Nikajua ni rimoti, au kisu kingine. Nikawaza pia, huyu mtu akiliweka hili kwenye begi la mtoto, huko uwanja wa ndege watamkamata wakidhani amebeba miraa. Nikalichukua, nikaanza kulifungua huku nagomba.

Ndani kulikuwa na soksi. Zile nyekundu, moja juu ya nyingine, zimekunjwa mara mbili.

Nikamuuliza kwa Kimeru, "Hizi umemfungia nani?"

"Mwari." Msichana.

"Mwari gani?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jua liko wapi. "Mwari wetu. Si ulisema anaenda kwenye baridi?"

Makena, nilikaa pale ngazini kando yake. Wiki nzima nimemwambia, na wiki nzima nimeona maneno yakikatwa kabla chai haijapoa. Sijui hili moja lilipitia wapi. Nilimuuliza jina lako, akafikiri, akakosa, akacheka. Kisha akaniuliza kama mtoto ametoka shule. Miguu yake ilikuwa baridi kama mawe, nikaifunika na kanga.

Soksi nimezitia mfuko wa pembeni wa begi lako jeusi. Sijazifua, nawe usizifue upesi. Majani nimebaki nayo mimi, sheria za ndege hazitayaruhusu, na kesho nitamnunulia soksi nyingine. Yeye sasa amenifuata ndani, amesimama hapa ananitazama nikiandika, anasema kuna mtu anabisha geti.

Ni kweli, namsikia. Ni wewe. Acha nije nikufungulie.

Mama yako